Mchanga wa Karanga

Kila Jumamosi nilifunga betri ya gari nyuma ya baiskeli, nikaisukuma kilomita saba hadi Masasi mjini kuichajisha, kisha nikarudi nayo polepole kama niliyebeba mgonjwa. Ikifika Alhamisi imekwisha. Binti yetu alikuwa darasa la saba. Usiku wa Alhamisi na Ijumaa alisomea koroboi, asubuhi akaamka na masizi puani. Ni masizi yale yaliyonisukuma kutengeneza paneli ya sola kwa mikono yangu.

Ya dukani ilinishinda bei, na fedha za korosho zilikuwa bado. Nikapata seli tupu 50, zile nusu, upana sentimita 8 na urefu 16 kasoro kidogo, pamoja na utepe wa shaba uliopakwa risasi, na karatasi za EVA, plastiki nyeupe kama tui ambayo ikipata moto huyeyuka na kuzinasisha seli kwenye kioo. Hesabu yake nyepesi. Seli moja, iwe kubwa iwe ndogo, hutoa kama nusu volti. Ukiunga 36 kwa mfululizo unapata 18, na betri ya volti 12 inajaa.

Uzito uko kwenye seli yenyewe. Unene wake ni kama sehemu mbili za kumi za milimita. Uso ni hasi, mgongo ni chanya, kwa hiyo utepe hutoka usoni kwa moja ukaingia chini ya mgongo wa inayofuata. Ukikandamiza pasi ya kulehemu kidogo tu, unasikia "tik", kama ganda la yai ndani ya kiganja. Jioni ya kwanza nilivunja tano.

Zikabaki 45. Nikaunga tisa, nikazilaza kwenye kioo cha dirisha kati ya karatasi mbili za EVA, nikachukua pasi ya mkaa ya mke wangu, nikaanza kupiga kama anayenyoosha shati. Pale pasi ilipopita pakawa angavu, nikafurahi mno. Kisha kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona, na seli zote tisa zikaenda nacho. Sehemu iliyopata moto ilitanuka, jirani yake ikiwa baridi, na kioo cha kawaida hakivumilii hilo. Viwandani wana kioo kilichokomazwa kwa moto, na mashine inayofyonza hewa huku ikipasha paneli nzima kwa pamoja, nyuzi 145 hivi. Mimi nilikuwa na pasi, na sasa chini yake imeganda plastiki. Sare za shule za wiki ile zilivaliwa zikiwa na mikunjo, na mke wangu hakusema neno siku mbili.

Zilibaki 36. Hazikuzidi hata moja.

Mama mkwe alikuwa kwetu msimu ule, akikaanga karanga za kuuza. Alinitazama nimeinama juu ya vile vigae, akaniuliza, "Mwanangu, karanga ukizitia kwenye chuma kitupu si zinaungua upande mmoja?" Akaelekeza mkono kwenye karai lake la mchanga. Mchanga hupokea moto taratibu na kuusambaza sawa. Nilisimama pale kwa muda, kisha nikamwomba radhi mke wangu na kumwomba anisaidie.

Kulehemu alikuchukua yeye. "Wewe unabonyeza," aliniambia. "Acha risasi itiririke yenyewe." Anashona vitambaa vya mito, na mkono wake hauna haraka. Siku nne, seli 36, hakusikia "tik" hata mara moja.

Tuligawa kazi vipande vinne vya seli tisa tisa, saizi ya kuenea kwenye sinia la pilau. Tukatandaza mchanga, juu yake kioo, tukatia mkaa kidogo kidogo. Jirani anayeoka keki alituazima kipimajoto. Kuanzia nyuzi 80 weupe ule ulianza kulegea, na nikasukuma hewa kwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa, kutoka katikati kwenda pembeni. Kufika 145 seli zilionekana za buluu kama zimelala chini ya maji. Tuliishikilia hapo dakika 20, kisha tukaondoa mkaa na kuacha kila kitu kipoe ndani ya mchanga hadi alfajiri. Kuharakisha kupoa kungetupasulia kioo tena.

Kipande cha tatu kina povu moja kwenye kona, kubwa kama sarafu. Nimeliziba ukingo kwa silikoni, na kila masika hupanda juu kulitazama, maana maji yakipenya hula utepe na seli hufa.

Tulipoviunga vyote juani, mita ilisoma volti 20.6 bila mzigo. Mke wangu aliisoma kwa sauti, kisha akamwita mama yake aje aone.

Mchanga ulikuwa umeshika harufu ya plastiki, haufai tena kwa chakula. Kesho yake nilikwenda mtoni na ndoo mbili, nikauchekecha mara tatu, nikauosha hadi maji yakatoka meupe, nikamjazia mama karai lake.