Rali ya nauli

Shekhar Mehta alishinda Safari Rally mara 5. Nne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun Violet. Leo wenye nazo wanazisaka gari za enzi zile, wanazinyoosha bodi, wanazipiga rangi mpya, kisha wanazirudisha vumbini kwenye Safari Classic, mashindano ya magari ya zamani yaliyoanza 2003. Hongera zao.

Sisi wa Chitete gharama hizo za nini? Panda Probox ya Tunduma: nyuma mmebanana wanne, shokapu zilishakufa, bampa imefungwa kwa waya, dereva anakata kona kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu. Imepungukiwa namba ya ubavuni tu. Mwambie fundi aipake rangi, atakushangaa: “Rangi, mkuu? Na mvua ndiyo hiyo inakuja?”