Feni Imegoma au Ni Julai Tu?

Kabla ya kufungua chochote, tazama kalenda. Mji wa Namanyere umekaa juu kwenye uwanda wa Ufipa, na Julai asubuhi hata mwenye steshenari anachapa barua akiwa amevaa koti. Kidhibiti cha feni ya kompyuta kina kipima joto. Kikihisi baridi, kinaiambia feni ipunguze mwendo, nayo inatii. Hapo hakuna ubovu. Ila ukimweleza mteja hivyo hutalipwa, kwa hiyo fundi mzoefu hukuna kichwa, huguna, halafu huchukua bisibisi.

Kama saa nane mchana feni bado imelala na kompyuta inajizima, basi kweli kuna mgonjwa. Mteja atakuuliza chanzo. Jibu, "Ni umeme huu, mama." Hakuna atakayebisha, maana hata Sumbawanga jirani imetegemea umeme wa kununuliwa Zambia miaka mingi, na kila mtu ana kisa chake cha friji. Usimwambie kwamba kidhibiti kinakula volti 12 tu kutoka pawa saplai, na kwamba vumbi jekundu la barabarani lina kesi nzito zaidi.

Sasa ipeleke feni yenyewe kwenye volti 12: kwa rangi zilizozoeleka, waya mweusi ni hasi, wa njano chanya. Wa kijani hurudisha taarifa, mapigo mawili kwa kila mzunguko, na wa bluu hupokea amri. Feni nyingine huja na nyaya nne zote nyeusi, ili kukuza imani yako. Isipozunguka, umepata mkosaji, na kidhibiti ulichokuwa unakisingizia kiombe radhi.

Ikizunguka, chukua mita. Anza na fyuzi, ingawa ni rahisi mno na haipendezi kuitoza hela. Fuata mosfeti: kama ndiyo inayokata na kuwasha umeme wa feni, ikishikana, feni hukimbia kwa kasi yote hata mashine ikiwa baridi, ikikatika, haiamki kabisa. Kapasita iliyovimba kichwa hujisema yenyewe. Badilisha kwa yenye uwezo uleule na volti zilezile au zaidi, mstari wa pembeni ukielekea hasi. Ukiigeuza italipuka, na hapo angalau utakuwa na hakika kwamba ndiyo mbovu. Spea ziko tele kwenye sabufa mbovu zilizorundikwa uvunguni kwako. Usisubiri basi la Dar.

Mjanja kuliko wote ni kipima joto chenyewe, kidogo kama punje ya ulezi. Kibane kwa vidole huku mita ikisoma: kwa aina iliyozoeleka, ukinzani unatakiwa ushuke kadiri kinavyopata joto. Kikikatika ndani, ukinzani hauna mwisho, na kidhibiti huamini kwamba kuna baridi ambayo hata Ufipa haijawahi kuiona. Feni inalala usingizi wa haki huku prosesa ikiiva. Mafundi wengi hapa wamekwisha kubadilisha mosfeti, kapasita na feni yenyewe, kwa mpangilio huo, wakati punje ile inawatazama.

Chomea kipya haraka, kabla umeme haujakatika na pasi ikapoa mkononi. Kwenye risiti usiandike "kipima joto kimoja". Andika "matengenezo ya mfumo wa kupoza", kisha taja bei ukiwa umeinamia bodi, usimwangalie mama usoni.