Foleni ya Bidhaa 10

Waingereza wana maneno mawili ya upungufu. "Fewer" ni la vinavyohesabika, kama mayai. "Less" ni la visivyohesabika, kama maziwa. Ukiyachanganya mbele ya mwalimu mstaafu, atakusahihisha kabla hajakuitikia salamu.

Vibao vya foleni ya haraka dukani, vilivyosema bidhaa 10 au "less", viliwachoma roho wenye sarufi yao. Mwaka 2008 wenye maduka ya Tesco wakachoka na kelele. Hawakuchagua upande, wakaandika tu "hadi bidhaa 10". Mfanyabiashara hagombani na mteja.

Na sheria yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1770 bwana mmoja, Robert Baker, aliandika kwamba yeye anaona "fewer" inapendeza zaidi. Anaona tu! Mfalme Alfred alishatumia "less" kwa vya kuhesabika tangu karne ya 9, na watu wakaelewana. Rai ya Baker ikapanda cheo pole pole hadi ikawa amri, ikapata na askari wasiomjua hata yeye Baker.

Askari hao hao husema "less" kwa maili na pauni, na pauni hawajawahi kushindwa kuzihesabu.