Kwa Mameneja wa Burudani wa Hoteli za Diani: Ombi la Pazia

Waheshimiwa,

Naomba tuzungumze kidogo kuhusu geti.

Mimi ni mpiga fidla, mwanamke, Mdigo wa Kona ya Musa. Mkinialika kupiga kwenye harusi ya wageni huja na gauni jeusi, sanduku la fidla na barua yenu ya mwaliko. Soja haisomi. Hunitazama mimi, juu hadi chini, kisha huuliza: “Umekuja kwa bwana gani?” Kila mwanamke wa Ukunda aliyesimama pale jioni analijua swali hilo na anajua hasa anaulizwa nini. Ningali nasubiri mtu wa ofisini aje anitambue, anapita mzungu mwenye kaptula inayochuruzika maji. Huenda amelala humo, huenda amepotea kutoka hoteli ya pili. Haulizwi. Wala simlaumu soja. Kufundishwa kafundishwa, na waalimu ni nyinyi.

Nikishavuka, zamu inakuwa yenu. Mnataka kujua kama fidla ni yangu kweli. Kama sina ngoma badala yake. Kama naijua Jambo Bwana. Naijua, na naiheshimu: Them Mushrooms waliitoa 1982 wakiwa wanamuziki wa hoteli za pwani hii hii. Kisha mnaniambia fidla ni ala ya kizungu, mgeni hakusafiri kutoka Ulaya kuja kuisikia. Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa 1905, na taarab yake bila fidla siijui. Ukweli usemwe, hata huko ala zilishikwa na wanaume, mwanamke akaachiwa kuimba, hadi Mariam Hamdani na wenzake wakaunda Tausi, kundi la wanawake wanaopiga ala wenyewe. Kwa hiyo mna wenzenu, msijione wapweke.

Basi ombi langu ni pazia.

Okestra ya Boston ilianza kulitumia katika usaili miaka ya 1950, nyingine za Marekani zikafuata: mpigaji nyuma ya pazia, majaji mbele, sikio pekee likifanya kazi. Huko Munich, mwaka 1980, barua ya mwaliko ya okestra ilimwita Abbie Conant “Bwana”. Akapiga trombone nyuma ya pazia, wakamchagua. Akatokeza mwanamke! Mwaka 1982 wakamshusha awe mpigaji wa pili, na katika kesi iliyokwisha 1993 alipimwa hadi mapafu, kama matatu iliyopelekwa ukaguzi.

Lenu nataka lipite la Boston, kwa sababu litatembea. Lishonwe kwa leso, maana leso mnazipenda sana zikiwa viunoni mwetu. Liwe na pande nne, bila tundu, libebwe na masoja wanne, na linipokee pale pale nishukapo kwenye bodaboda. Ndani nitakuwa pekupeku. Marekani waligundua kwamba hata visigino vya viatu hutoboa siri. Getini nitakohoa kwa sauti nzito, soja apige saluti. Tutazunguka bwawa la kuogelea polepole, watoto wa wageni wakitufuata kwa kudhani ndani mna ngamia wa ufukweni. Mpishi asichungulie. Jukwaani tutatua, nitapiga Bach, wageni watasimama kushangilia, nanyi mtanong'onezana kwamba kijana huyu bila shaka katoka Vienna. Huko Vienna, kwa taarifa yenu, Anna Lelkes alipiga kinubi na okestra yao ya Filhamoni kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kupewa uanachama 1997, mwanamke wa kwanza. Hapo ndipo leso zifunguliwe. Atakayezimia, nitakuwa na dafu.

Mengine ni madogo. Tulipwe siku ya kazi. Chakula kisiwe kilichobaki kwa wageni. Ile ngozi ya chui mnayotaka tuvae, mrudishieni chui.

Nimepiga fidla tangu utotoni hadi shingo imeota sugu. Hamjasikia noti hata moja, mmeshaniuliza kama naweza pia kukata kiuno. Mnauza mawimbi yetu kwa dola, halafu sisi tuliozaliwa tukiyasikia tunapekuliwa mikoba kama wezi! Mnatuonea, na mnajua mnatuonea.

Samahani. Tulikuwa kwenye leso.

Ikiwa gharama ni kubwa, nitazishona mwenyewe. Ikiwa masoja hawatoshi, nina binamu. Na ikiwa hata hilo ni zito, basi mwaliko ujao niandikieni “Bwana” kama Munich, soja wenu amezoea kuwafungulia mabwana. Sitamsahihisha mtu hadi pesa ziingie M-Pesa.

Wenu mtiifu,
Bwana Mpiga Fidla,
Kona ya Musa