Kuchapa Sifuri Moja Moja

Ijumaa jioni karani wa uvuvi alifunga ofisi, akashuka mwalo wa Kibirizi kutafuta kitoweo. Nyuma yake, mezani, ugomvi ukalipuka. Aliyeuanzisha ni Kibodi. Herufi C ilikuwa imemfutika kabisa, V imebaki na mkia tu, na kitufe cha Ctrl kikibonyezwa kinazama, hakirudi mpaka kipigwe kibao.

"Dagaa wana nafuu kuliko mimi," alisema. "Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazina kazi, dagaa wanapumzika. Mwaka 2024 serikali ikafunga uvuvi Ziwa Tanganyika, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Mimi nani amewahi kunifungia?"

"Lakini shangazi, ziwa lilipofungwa si nawe ulipumzika?" aliuliza Flashi, kijana wa kuzurura aliyekuwa bado amechomekwa ubavuni mwa kompyuta.

"Nipumzike wapi, mwanangu! Fomu ya kila siku ina mstari wa kila mtumbwi. Mitumbwi imelala mchangani, karani anachapa sifuri. Mtumbwi wa kwanza, sifuri. Wa pili, sifuri. Wa tatu, sifuri. Alipofika wa kumi na mbili simu ikaita, akasahau alikoishia, akaanza upya. Alipomaliza akamwomba babu huyu amtafutie jumla."

Kalkuleta alikohoa kwa heshima zake. "Na jumla nilimpa."

"Ilikuwa ngapi?"

"Sifuri. Lakini alihakiki mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa sahihi."

Cheko lilitoka ukutani. Lilikuwa la Sokwe, yule wa picha ya Hifadhi ya Gombe kwenye kalenda, ambaye kwa miezi mingi alikuwa akiyatazama yote hayo bila kutia neno.

"Babu Kalkuleta, usiudhike," alisema. "Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, walitoa programu iitwayo VisiCalc, jedwali linalojikokotoa lenyewe. Ukibadilisha tarakimu moja, jumla inabadilika papo hapo. Karani wetu analo jedwali la namna hiyo, tena la kisasa. Analitumia kuchora mistari. Kilo za dagaa anazijumlisha kwako, kilo za migebuka kwako, kisha jibu analichapa kwenye kisanduku kwa kidole kimoja. Angeandika =SUM(D2:D61) mara moja tu, wewe ungeshastaafu."

"Mimi natumia jua," alijibu Kalkuleta. "Sina gharama."

"Gharama ni yeye!"

Kibodi alikuwa bado na lake moyoni. Kila asubuhi, alisema, karani huchapa maneno yale yale: Mwalo wa Kibirizi, Manispaa ya Kigoma/Ujiji, Mkoa wa Kigoma. Akichoka anakopi na kupesti, mstari baada ya mstari, hadi ukurasa ujae. Jina la mtumbwi mmoja analitafuta kwa macho tangu juu hadi chini. Stanley alimpata Livingstone pale Ujiji mwaka 1871 kwa kuulizia njiani. Huyu wa kwetu hataki kuuliza hata Ctrl na F.

"Wala dawa yake si ya kununua," Sokwe akaendelea. "Kuna programu inaitwa AutoHotkey. Chris Mallett aliitoa mwaka 2003 kwa ajili ya Windows, ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Unafungua Notepad, unaandika mstari mmoja: nukta pacha mbili, kbz, nukta pacha mbili tena, halafu anwani nzima. Unalihifadhi faili kwa kiambishi .ahk, unalibofya. Tangu hapo ukiandika kbz na nafasi, anwani inajitokeza yenyewe. Shangazi yako, Flashi, angeguswa mara nne badala ya mara sitini."

Flashi akaona hapa ndipo pa kujionyesha. "Hiyo si makro? Makro ni virusi, mzee. Mimi nimetembea, nimeona."

"Umetembea, na ulivyovibeba tunavijua," Sokwe alimkata. "Ndiyo, mwezi Machi 1999 makro iitwayo Melissa ilisambaa duniani ndani ya hati za Word kwa barua pepe. Ndiyo maana mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro za mafaili yanayotoka kwenye intaneti. Usifungue makro ya mtu usiyemjua, hilo nakupa. Lakini makro uliyoirekodi mwenyewe kwa mkono wako ina hatari gani? Na nani aliyeleta humu ile Office yenye kreki, aliyolipwa kijana mmoja wa Mwanga, na ikaja na wadudu wake?"

Flashi alizima kitaa chake.

"LibreOffice ilikuwemo humu humu, bure, halali," Kibodi alisema. "Karani akaona cha bure hakina heshima."

Hapo Sokwe alisahau kwamba yeye ni picha. Alisema kuwa mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, bila malipo. OpenOffice ndiyo iliyozaa LibreOffice mwaka 2010. Kinasa makro kimo ndani yake, ila huja kimezimwa: unaingia kwenye mipangilio, unatia tiki kisanduku kimoja, unarekodi unachokifanya, unakipa jina na kitufe. Alikiri kwamba kina kasoro zake. Ukirekodi ukiwa kwenye kisanduku B7, kitarudi B7 hata orodha ikirefuka, na ukirekodi kosa kitalikosea kwa kasi. Lakini nani amejaribu hata hilo kosa?

"Mwaka 1960 mtafiti Jane Goodall alimwona mzee wetu, yule mwenye ndevu za kijivu, akichomeka kijiti kwenye kichuguu akitoa mchwa. Dunia ikashangaa kwamba mnyama anatumia zana. Basi tangu tukipate kijiti hatukurudi kufukua kwa kucha! Nyinyi watu mmepewa kijiti, mmepewa na maelezo ya kijiti, bado mnafukua, tena mnalipana posho ya saa za ziada kwa kufukua. Mkubwa akipita akamkuta karani ameinama anachapa, anasema huyu ana bidii. Akimkuta amemaliza saa nne asubuhi, atamwita mvivu. Halafu mnaomba bajeti ya mfumo mpya! Ule mliokuwa nao mmeutumia lini? Aibu!"

Kimya kilipita. Kalkuleta, ambaye hasira za vijana hazimtishi, aliuliza kama karani akianza kutumia makro yeye atapelekwa wapi.

"Sokoni Ujiji, babu," alisema Kibodi. "Wauza mawese watakupokea kwa mikono miwili."

Flashi aliwasha kitaa chake taratibu. "Jumatatu ninaweza kuileta hiyo AutoHotkey kutoka kafe. Ni megabaiti chache tu. Shida ni nafasi: nina filamu, nina Bongo Fleva, nina ile kreki..."

"Futa kreki," alisema Sokwe.

"Na filamu?"

"Kreki kwanza!"