Namna ya Kutuma Pesa Mgogoni Bila Kuwalisha Watu wa Njiani

Mwongozo huu ni wako wewe uliyezaliwa Mgogoni, Pemba, ukaenda kutafuta maisha Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, na kila mwisho wa mwezi simu ya Pemba inaita. Unatuma, na Mungu akulipe. Ila kati ya kidole chako na mkono wa mama kuna wengi wanaochota: benki, kampuni ya simu, serikali, wakala, na ukikosa umakini, tapeli. Wengine wana haki yao. Hakuna hata mmoja mwenye haki ya kula zaidi kwa sababu wewe ni mvivu wa kusoma jedwali la makato.

Hatua ya kwanza: ijue tofauti ya kutuma na kutoa

Watu wengi hujisifu kwamba programu ya benki yao inatuma kwa bei ndogo, wakanyamaza hapo. Anayempelekea mzee wake elfu hamsini kavu amempelekea na deni la kutoa. Ndiyo maana kule nyumbani sentensi ya pili baada ya salamu ni, "Mwanangu, ukituma weka na ya kutolea." Mama haombi ziada. Anakukumbusha hesabu uliyoikimbia.

Na hesabu yenyewe ina historia. Julai 2021 serikali ilianza kutoza miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja, juu ya makato ya kampuni. Wananchi walipiga kelele, na Septemba mwaka huohuo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Oktoba 2022 ikaondolewa kwenye kuhamisha pesa baina ya benki na simu. Mwaka wa fedha wa 2023/24 ikafutwa kwenye kutuma, ikabaki kwenye kutoa. Maana yake ni kwamba tozo imebaki mwisho wa safari, kwa bibi anayesimama mbele ya kibanda, na wewe uliyeko mbali huioni.

Hatua ya pili: ifanye pesa isitolewe

Kabla ya kufungua programu yoyote, piga simu uulize: pesa hii ya nini? Ikiwa ni ya unga, mchele na mafuta, duka lina Lipa Namba, yaani namba ya kulipia kwa simu? Mlipe mwenye duka moja kwa moja. Ikiwa ni umeme, nunua wewe, umtumie mama tarakimu za tokeni. Ikiwa ni ada, omba akaunti ya chuo. Vocha ya mama inunue hukohuko uliko. Kila shilingi inayomaliza kazi yake ikiwa bado ndani ya simu imepona makato ya kutoa.

Itakayobaki ya kushika mkononi, ya samaki na ya nauli, hiyo ndiyo uitume pamoja na ya kutolea.

Mtazame bibi siku ya kutoa. Amevaa kanga zake, amebeba kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi ndani ya mfuko wa plastiki, anafika kwa wakala jua limeshapanda. Wakala anamwangalia kwa huruma: "Bibi, sina pesa taslimu, subiri watu waje waweke." Anasubiri au anarudi. Akirudi amepoteza asubuhi. Akipanda gari kwenda Konde au Wete, nauli imekula kuliko makato yote unayoyalalamikia wewe. Basi tuma mapema kabla haja haijafika shingoni, na umuulize wakala wake ni saa ngapi huwa na pesa.

Hatua ya tatu: acha kutuma vipande vipande

Elfu tano leo, elfu kumi kesho, elfu saba keshokutwa. Wenye tabia hii huiita huruma. Makato hupangwa kwa viwango, na kiasi kidogo kwa kawaida hukatwa sehemu kubwa zaidi ya thamani yake. Ndugu watatu mnaomtunza mzazi mmoja, kusanyeni kwa mmoja wenu mwenye akaunti ya benki, atume mara moja. Na tazameni mipaka ya viwango: shilingi moja ikivuka mpaka, makato yanapanda daraja.

Hatua ya nne: linganisha njia

Akaunti kwenda akaunti ndani ya benki moja huwa rahisi kuliko benki kwenda benki nyingine. Siku hizi kuna TIPS, mfumo wa Benki Kuu ya Tanzania unaounganisha mabenki na kampuni za simu, pesa ikafika papo hapo. Lakini haraka haimaanishi bei ni ileile kila mahali. Fungua majedwali mawili, la benki na la simu, ujumlishe kutuma na kutoa, ndipo uchague.

Uliyeko Mombasa, M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zimeunganishwa tangu 2015, kwa hiyo huna haja ya kumbebesha abiria bahasha. Uliyeko Maskati au London, usiulize ada ni kiasi gani. Uliza: mama atapokea shilingi ngapi? Wanaotangaza ada sifuri hujilipa kwenye kiwango cha kubadilishia. Benki ya Dunia, inayofuatilia bei hizi, imeona kutuma dola 200 kuja Afrika kusini mwa Sahara kunagharimu wastani wa karibu asilimia 8, ilhali mataifa yameahidi kushuka chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Usiisubiri 2030. Linganisha leo.

Hatua ya tano: soma jina

Kabla ya namba ya siri, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Lisome mpaka mwisho. Ukipata ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii", mpigie mama kwa namba unayoijua, usikie sauti yake. Muamala wa bei nafuu uliokwenda kwa mwizi ndio ghali kuliko yote. Na mfundishe mama kwamba namba yake ya siri haitajwi kwa yeyote, hata kwa anayejitambulisha kuwa mfanyakazi wa kampuni.

Hatua ya mwisho: muulize mama hesabu yake

Pesa ikifika, muulize mama amepokea kiasi gani mkononi, baada ya kutoa. Kiandike. Mwezi ujao badilisha njia, uandike tena. Kipimo cha kutuma kwa bei nafuu ni hicho kiasi kilichomfikia mkononi. Ukiona kimeongezeka na wewe hukuongeza ulichotuma, waambie na wenzako wa Mgogoni mlio mjini, kwa sababu wazee wao wanakutana na wako kwenye foleni ileile.