Nauli Haina Rivasi

Mei 2022 nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka shilingi 400 hadi 500. Sababu: mafuta. Desemba 2023 ikafika 600. Sababu: mafuta tena. Sawa, mafuta hupanda. Ila EWURA, wadhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo ya mafuta kila mwezi, na ipo miezi petroli inashuka. Nauli haikushuka nayo hata kwa sumni. Gari hili lilitoka kiwandani bila rivasi.

Lakini tusiwaonee LATRA, wapanga nauli. Wao hukusanya maoni ya wadau, hukokotoa kwa kilomita, hutoa jedwali. Konda naye ana jedwali lake, tena halisubiri maoni ya mtu: mvua ikinyesha bei nyingine, foleni ikikaza anakatisha ruti, unashuka, unapanda nyingine, unalipa upya. Ukimpa elfu moja, mia nne yako ni "chenji baadaye, anti". Na mwanafunzi, ambaye nauli yake ilibaki 200 mara zote mbili, konda hamwoni mpaka siti zijae.

Kwa hiyo, ndugu abiria, jedwali lisome nyumbani. Kituoni nenda na sarafu.